Dawa za Wiki Mbili, Presha ya Maisha: Vile Kemp za Matibabu Zinafanya Kazi Silanga

Ukipita Silanga Jumamosi upate hema nyeupe zimesimamishwa kwa uwanja wa shule, spika inaita watu kwa Kiswahili na Kijaluo, na mamathe wamejipanga laini tangu saa kumi na mbili asubuhi, usiulize nani amekufa. Hiyo ni kemp. Magazeti huita kambi ya matibabu, lakini mtaani ni kemp tu. Wazungu kama kumi wa tisho za rangi moja, madaktari wachache wa hapa Kenya, wanafunzi wa udaktari, boksi za dawa, na watoi wanaimba "hawayu" hadi koo zikauke.

Saa kumi jioni hema zinakunjwa, basi inapotea na Mbagathi Way, na mathe anarudi keja na bahasha ya khaki iko na tembe ndani. Hapo ndio risto yenyewe inaanza, na hapo ndio hakuna mtu anaangalia.

Kwa intaneti wasee wamegawanyika kuhusu hizi kemp. Kuna wale wanasema wazungu wanakuja kupiga selfi na umaskini wetu. Kuna wale wanajibu kwamba wewe unaongea hivyo juu uko na bima ya kazi. Wote wako na pointi, na wote wanapitwa na swali lenye lingemsaidia mtu amesimama kwa laini: hii kitu inakusumbua inaweza isha leo, ama ni ya kuishi nayo?

Za siku moja na za kuishi nazo

Kuna shida za mwili zenye daktari wa siku moja anaweza maliza. Jino limeoza, linang'olewa, unatema damu, unaenda home. Minyoo ya kawaida, mtoi anatafuna tembe moja ya albendazole, imeisha. Mzae wa miaka 50 anayeshindwa kusoma meseji ya M-Pesa, anayemwomba mtoi wa jirani amsomee balansi (na mtoi anajua siri zote za nyumba), akipewa miwani ya kusomea amerudishiwa heshima yake. Mtoto wa jicho pia: timu ya macho iliyo na vifaa inaweza mfanyia shosh upasuaji mfupi na akaona tena sura za wajukuu. Kwa hizi kazi kemp iko fiti kabisa. Mtu akikwambia hazina maana, muulize yeye hung'oa jino kwa doh ngapi.

Kupima nako ni muhimu kuliko vile watu hufikiria. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulipata kwamba watu wazima 56 kati ya kila 100 Kenya hawakuwa wamewahi pimwa presha maishani. Hata mara moja. Huo huo utafiti ulipata karibu mtu mmoja kwa kila wanne ana presha ya juu. Weka hizo hesabu mbili pamoja halafu fikiria ploti yenu. Presha haipigi kelele. Haiumi. Mtu anabeba mtungi wa maji, anafua, anauza omena, anacheka, hadi siku anaamka upande mmoja wa mwili umekataa kusonga.

Ama chukua saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo chake cha haraka ni rahisi hadi unashangaa: nesi anapaka asidi ya asetiki, hiyo yenye iko kwa siki, anangoja kama dakika moja, na sehemu yenye seli zimeanza kubadilika inageuka nyeupe. Hakuna maabara, hakuna kungoja majibu wiki tatu. Ndio maana kipimo hiki kinapendwa kwa kemp. Lakini sasa nyeupe ikionekana? Lazima kuwe na mtu wa kuigandisha ama kuichoma hiyo sehemu, na zikionekana dalili mbaya zaidi lazima mama apelekwe hosi kubwa akatwe kipande kipimwe. Kama kemp haijapanga hayo, imempa mama mtu hofu ikamwacha nayo.

Na hapo ndio tunafika kwa zile magonjwa hazitoki.

Tuseme ni mathe yako. Ana miaka 48, ameenda kemp juu ya mgongo. Wanampima presha, mashine inaandika 170 juu ya 105. Daktari anamwambia, "Mama, presha yako iko juu, utameza hii kila siku." Anapewa amlodipine, tembe 14. Anameza vizuri, presha inashuka, anaskia poa. Siku ya 15 tembe zimeisha. Anaskia bado poa, so kwa akili yake amepona. Polepole presha inarudi pale pale ilikuwa, bila kubisha mlango.

Dawa ya presha haiponyi, inashikilia. Ni kama breki ya mathree ikishuka mteremko: mguu ukitoka, gari haikumbuki kwamba dakika tano zilizopita ulikuwa umeikanyaga. Sukari ni hivyo hivyo. Kifafa ni noma zaidi, juu mtu akizoea dawa halafu akatizwe ghafla, degedege inaweza rudi na nguvu. So bahasha ya wiki mbili kwa mtu wa kifafa, bila mpango wa wiki ya tatu, inaweza kumweka kwa hatari mpya.

Kuna shida nyingine kwa hiyo 170. Presha ya kweli hupimwa mtu akiwa ameketi ametulia dakika kama tano, na kama haijapita kiasi sana inarudiwa siku nyingine kabla aambiwe ni mgonjwa. Mathe yako amesimama kwa jua masaa manne, hajakula, amebeba mtoi wa dada yake, na mwanafunzi anamfungia mashine huku watu wanasukumana nyuma. Inawezekana ni presha. Inawezekana ni hiyo laini. Kemp iko na siku moja tu, na siku moja haiwezi jibu hilo swali.

Silanga si mgeni wa wageni

Jina lenyewe Silanga linamaanisha bwawa, na bwawa ni Nairobi Dam, lililojengwa 1953. Lilikuwa la maji safi, na kulikuwa na klabu ya wazungu ya kuendesha mashua za tanga hapo. Leo ni gugu maji, takataka, na kila kitu mitaro ya Kibra inamwaga. Naleta hii juu ya ile tembe ya minyoo: mtoi ametibiwa Jumamosi, Jumatatu anafuata mpira kwa mtaro ule ule. Hakuna daktari wa kigeni anabeba bomba la maji taka kwa begi.

Hata daktari wa kuja na kwenda si kitu kipya. Amref ilianza 1957, kabla Kenya ipate uhuru, kama madaktari wa ndege: wanatua mahali hakuna hosi, wanapasua, wanapaa. Lakini baadaye wakaongeza kazi ya kufunza wahudumu wa afya wenye wanabaki ndege ikiondoka, na wakafungua kituo cha kudumu hapa Kibra upande wa Laini Saba.

Halafu kuna MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka. Hawa walikuwa na kliniki hapa Silanga yenyewe, pamoja na Gatwekera na baadaye Kibera South. Mwaka wa 2003 walianza kupeana ARV bure Kibra. Kumbuka hiyo miaka dunia ilikuwa inasema nini kutuhusu. Mwaka wa 2001 mkuu wa USAID, Andrew Natsios, alisema kwa umma kwamba Waafrika wengi hawajui mambo ya saa ya kizungu, so hawataweza kumeza ARV kwa wakati. Msee wa Silanga anayeamka saa kumi usiku atembee hadi Industrial Area afike kabla geti ifungwe, eti hajui saa. Watu wa mtaa walimeza dawa zao na wakaishi. Kufika kama 2010 hizo kliniki zilikuwa zinatibu presha na sukari kwa mpango ule ule wa ARV: uko na faili, uko na tarehe ya kurudi, na usipotokea kuna mtu anauliza uko wapi.

Mwaka wa 2017, baada ya miaka 20, MSF walikabidhi Kibera South kwa Kaunti ya Nairobi wakaondoka. Bado unaweza sema hata hao walikuwa wageni, ni kweli. Lakini waliacha jengo, wafanyakazi wa hapa, na kabati ya faili. Kwangu mimi hiyo kabati ndio tofauti kubwa kati ya kliniki na kemp. Daktari wa kemp anaweza kuwa mkali kuliko yule wa kliniki, na bado wa kliniki akusaidie zaidi, juu anaona kwamba mwezi jana ulikuwa 150 na leo ni 165 na ulikosa kuja Machi.

Na si lazima ianze na mamilioni. Mwaka wa 2000 nesi mmoja mjane wa Kibra, Tabitha Festo, alimwomba mwanafunzi Mmarekani, Rye Barcott, dola 26 aanzishe biashara. Akauza mboga, na faida akaitumia kufungua kliniki ndogo ndani ya keja yake. Mwaka uliofuata, yeye na Barcott na Salim Mohamed wakaanzisha Carolina for Kibera. Tabitha alifariki 2004, lakini kliniki yenye jina lake ilikua hadi ikajengewa jumba lake Gatwekera, na watafiti wa KEMRI na CDC wakafanya kazi hapo miaka mingi. Linganisha dola 26 na tikiti moja ya ndege ya volontia mmoja wa wiki mbili. Simaanishi volontia asije. Nasema tu hesabu hiyo iko na inafaa ifanywe.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya wazungu. Unakumbuka zile kontena 100 za kliniki za kubebeka, zilizonunuliwa na Wizara ya Afya ziletwe mitaa ya mabanda? Mamia ya mamilioni yalilipwa, na kontena zikabaki Miritini kule Mombasa zikiota nyasi. Laini ya kemp inakuwa ndefu hivyo kwa sababu ya mambo kama hayo.

Nani anaruhusiwa kukushika

Kuwa mzungu na kuvaa stetoskopu si leseni. Kenya, daktari wa kigeni lazima apewe leseni ya muda na KMPDC kabla aguse mgonjwa, hata kama ni profesa kwao. Manesi wako chini ya Nursing Council, maklinikal ofisa wako na baraza lao, na dawa zinazoingia nchini ziko chini ya Pharmacy and Poisons Board. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kufanya kazi, ila akiwa chini ya macho ya mtu aliyehitimu. Akiwa peke yake kwa meza anakuandikia dawa, hiyo imeenda kombo.

Kama unaona hii ni urasimu, cheki Jinja, Uganda. Mmarekani Renee Bach, bila masomo ya udaktari, alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo. Watoto zaidi ya 100 walifariki hapo kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 2019 mama wawili walimpeleka korti wakisema alijifanya daktari. Alikana, na 2020 wakasuluhisha nje ya korti, kila familia ikalipwa kama dola 9,500 bila yeye kukubali kosa. Na kulikuwa na hosi na madaktari wa Uganda hapo hapo Jinja.

Dawa pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada, uliotoka mara ya kwanza 1996, unasema dawa ikifika nchini inafaa iwe imebakisha angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika, na lebo iwe kwa lugha wahudumu wa hapo wanaelewa. Ukipewa kitu kwa bahasha bila jina na bila tarehe, uko na haki ya kuomba kuona boksi yake. Usiogope kuonekana mjuaji.

Halafu kuna lugha. Nishawahi tafsiri kwa kemp siku nzima, na hii ndio sehemu hakuna mtu huweka kwa ripoti. Shosh anakaa chini anasema, "Mjukuu, mwili inawaka moto usiku, na hapa kwa moyo kuna kitu inatembea." Unasema nini kwa Kizungu? Homa? Wasiwasi? Kiungulia? Kukoma hedhi? Ni dakika kama tatu kwa kila mgonjwa na daktari anangoja neno moja aandike. Neno lenye mtafsiri atachagua ndio litaamua bahasha itakuwa na nini. Hiyo kazi hupewa mayut wa mtaa, malipo ni tisho na chapo maharagwe, na hakuna mtu amewafunza kitu.

Kama utaenda, ama utampeleka mathe

Enda. Mimi singemwambia mtu akae keja kama kuna daktari wa bure nje. Lakini usitoke hapo bila karatasi. Namba ya presha ama ya sukari iandikwe, jina la dawa liandikwe kamili na nguvu yake, na mwambie daktari, kwa adabu, "Hizi zikiisha nitatoa wapi zingine?" Akikosa jibu, angalau umejua mapema na si siku ya 15. Kama mathe tayari anameza dawa zingine, hata za mitishamba, beba zote kwa mfuko aonyeshe. Na hizo tembe si za kugawana na jirani juu eti pia yeye huskia kizunguzungu.

Hiyo karatasi ipeleke kwa CHP wenu, yule mhudumu wa afya wa jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua kama 100,000 wao nchi nzima, wakapewa vifaa vikiwemo mashine ya presha na ya sukari. Marupurupu yao ni 5,000 kwa mwezi, nusu kaunti nusu serikali kuu, na hata hizo huchelewa. Lakini CHP anajua ploti yako, na mashine yake haipandi ndege Jumapili. Anaweza mpima mathe tena akiwa ametulia kwa stuli yake, na hapo ndio utajua kama 170 ilikuwa presha ama ilikuwa jua.

Kuhusu SHA, watu wengi wamechanganyikiwa, so hii ni muhimu. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kutibiwa kawaida kwa vituo vidogo vya lebo ya 2 na ya 3 kunalipiwa na mfuko wa afya ya msingi, na unachohitaji ni kuwa umesajiliwa. Kulazwa na mambo makubwa ndio inataka uwe umelipa mchango, asilimia 2.75 ya mapato, na ya chini kabisa ni soo tatu kwa mwezi. Mtu asiye na mshahara anaambiwa alipe ya mwaka mzima pamoja, na 3,600 kwa mpigo si mchezo kwa mama mboga. Pia tusidanganyane: utafika kituoni uambiwe dawa imeisha, nenda kemisti. Ukiwa na ile karatasi utaomba dawa kwa jina lake la kawaida, si la kampuni, na mara nyingi bei inashuka.

Sasa, mayut wa mbogi zenye huleta hizi kemp mtaani, hii ni yenu. Mashirika ya nje hayajui Silanga. Yanawatafuta nyinyi: mtafute uwanja, mchapishe bango, mlete watu, mtafsiri. Hapo kabla siku ipangwe ndio mko na nguvu, na hamtakuwa nayo tena. Ulizeni leseni ziko wapi. Ulizeni picha zitaenda wapi, juu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda hata mathe asiye na simu, na mtoi hapigwi picha akidungwa sindano bila mzazi kukubali. Halafu ulizeni ile daftari kubwa ya majina, presha na sukari inabaki na nani saa kumi jioni. Kama inarudi Texas, imepotea. Isibaki kwa chairman wa kikundi pia, hizo ni siri za watu. Ya Silanga ipelekwe Kibera South, ya Kawangware ipelekwe Riruta Health Centre, na nesi wa hapo awe amekubali kuipokea kabla hema ya kwanza isimamishwe. Ni daftari moja na boksi ya karatasi. Inatoshea kwa bodaboda.